Kabla Hujamfuata Mtoto na Polisi

Maneno ya avoka (wakili) mmoja wa Lubumbashi kwa wazazi waliokusanyika katika ukumbi wa parokia, komini ya Katuba

Jambo yenu wamama, jambo yenu wababa. Na ninyi vijana mlio kule nyuma karibu na mlango, sogeeni mbele, maana nusu ya nitakayosema inawahusu ninyi ambao hamjaoa wala kuolewa lakini watoto mnao. Mnacheka. Tutafika huko.

Nimeombwa nizungumze juu ya malezi ya watoto pale wazazi wanapoachana. Najua mtu akisikia hivyo anafikiri nitafungua Kodi ya Familia, yaani kitabu cha sheria za familia, na kuwasomea vifungu hadi jua lizame. Kodi hiyo ni ya tarehe 1 Agosti 1987, ikarekebishwa tarehe 15 Julai 2016, na nitaitaja mara chache tu. Kubwa nililokuja nalo ni hili: mbele ya juje, yaani hakimu, kesi ya mtoto si kesi ya kujua nani alimkosea nani katika ndoa. Juje anataka kujua mtoto analala wapi, anakula nini, nani anamwamsha kwenda shule, nani anakesha naye homa ikipanda. Mzazi anayefika pale na orodha ya makosa ya mwenzake, asiseme lolote juu ya maisha ya mtoto, anaweza kuwa ameonewa kweli kweli katika ndoa na bado akarudi nyumbani mikono mitupu.

Tuanzie pale wengi wanapoanzia, yaani polisi.

Mnaijua hadithi. Baba amekuja Jumamosi kumchukua mtoto, Jumapili hakumrudisha. Jumatatu asubuhi mama yuko kwenye ofisi ya polisi ya kartie, yaani ya mtaa. Anatoa pesa, anaandikiwa konvokasio, barua ya kumwita baba, yenye mhuri, na juu yake maneno ya Kifaransa «pour affaire vous concernant», yaani kwa jambo linalokuhusu, jambo lenyewe halisemwi. Baba akiipokea haendi kwa avoka. Anakwenda kwa shemeji yake mwenye nyota mabegani. Sasa kila upande una askari wake, kila askari anataka pesa ya usafiri, na mtoto anaangalia bunduki zikiingia kwenye lupango, yaani uani kwao. Pesa iliyotosha kufungua dosie, jalada la kesi, kwenye tribinali, yaani mahakamani, imekwisha, na hakuna aliyeandika popote mtoto akae wapi.

OPJ, yaani ofisa wa polisi anayepeleleza, kazi yake ni makosa ya jinai. Hana uwezo wa kukata nani alee mtoto, na ile karatasi ya makubaliano anayowasainisha mezani pake si hukumu. Ila nisieleweke vibaya. Mtoto akipigwa, akibakwa, akifungiwa ndani, akitoweka, usisubiri avoka wala mkutano wa familia. Nenda polisi au parke, kwa waendesha mashtaka, siku hiyo hiyo, upite hospitali upate cheti cha daktari. Na mama anayepigwa na mumewe, mambo ya kukaa na familia kupatanishwa yasimcheleweshe kutoka mahali pa hatari. Maneno yangu yote mengine yanahusu wazazi waliokosana bila damu kumwagika.

Mahali penyewe pa kesi hii ni tribinali ya amani, Tripaix. Talaka inapitia hapo, na malezi ya watoto yanapitia hapo. Juje ataanza kwa kujaribu kuwapatanisha, kwa hiyo usishangae ukiitwa kukaa chumba kimoja na mtu usiyetaka hata kumwona. Wengi hawajui kwamba huhitaji kungoja hadi talaka itoke. Kesi ikiwa bado inaendelea, unaweza kumwomba juje hatua za muda: mtoto akae kwa nani kwa sasa, nani alipe nini, nani abaki katika nyumba. Nimeona watu wakivumilia mwaka mzima wakidhani sheria itasema neno siku ya mwisho tu.

Ukishindwa, kuna rufaa kwenye tribinali kubwa, TGI. Muda wake ni siku 30, zikihesabiwa tangu uisie, mpeleka karatasi za mahakama, alipokuletea hukumu rasmi. Hasira isikufanye uikunje hiyo karatasi na kuitupa kabatini. Siku zinakwenda hata kama hujaisoma.

Sasa mila. Hapa Lubumbashi jambo hili lina uzito wake, kwa sababu mji huu uliundwa na watu waliotoka kila upande kuja kazini, kwenye shaba na kwenye reli. Kwa Waluba mtoto ni wa upande wa baba, hilo halina mjadala nyumbani. Kwa Walamba na Wabemba mtoto anafuata upande wa mama, na mjomba ana neno zito. Haya, kijana wa Kiluba amemwoa binti wa Kilamba, wameachana, wana watoto watatu. Wazee wa pande zote mbili wanakuja wamevaa vizuri, kila mmoja na mila yake, na kila mila inasema watoto ni wetu! Nani atakata neno?

Katiba ya 2006, kifungu cha 153, inaruhusu tribinali kutumia mila, mradi isipingane na utulivu wa umma wala maadili mema. Na sheria inasema mtoto aliye chini ya miaka 18 yuko chini ya mamlaka ya baba na mama pamoja. Kwa hiyo juje atawasikiliza wazee, tena kwa heshima, na akishamaliza kuwasikiliza ataangalia faida ya mtoto. Anaweza kumpa baba, anaweza kumpa mama, anaweza hata kumpa mtu wa tatu.

Kuhusu mahari nitasema wazi, hata kama baadhi yenu mtaninunia. «Nilitoa mahari yote, watoto ni wangu» si hoja mbele ya juje. «Hakunitolea hata mbuzi mmoja, mtoto hatamwona» nayo si hoja. Mahari ni jambo la ndoa na la familia mbili. Haikununua mtoto, na kukosekana kwake hakumfuti baba.

Ninyi vijana, zamu yenu. Kifungu cha 591 cha Kodi ya Familia ni kati ya vifungu vinavyojulikana zaidi nchini: kila mtoto Mkongomani lazima awe na baba, na hakuna mwenye haki ya kumpuuza mtoto wake, awe amezaliwa ndani ya ndoa au nje yake. Lakini baba wa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa hawi baba kisheria kwa sababu tu sura zinafanana. Lazima amtambue mtoto mbele ya ofisa wa etasivili, anayeandikisha vizazi na ndoa, na sheria inataka jambo hilo lifanyike ndani ya miezi 12 tangu kuzaliwa. Hapa nawaona vijana wa aina mbili. Wa kwanza alikimbia mimba, sasa mtoto ana miaka sita, ni mzuri, anajua kusoma, naye anakuja anataka haki zake za baba. Wa pili hakukimbia, alinunua maziwa, alilipa hospitali, familia ya msichana ikamfukuza, na hajui kwamba bila utambuzi ule hana pa kusimamia. Huyu wa pili namhurumia, na ndiye ningependa afike ofisini kwangu mapema.

Na cheti cha kuzaliwa. Mzazi ana siku 90 kumwandikisha mtoto kwenye komini, na kuandikisha ni bure. Zikipita hizo, inabidi kwenda tribinali kuomba hukumu inayochukua nafasi ya cheti, na hapo gharama zinaanza. Msibishane juu ya malezi ya mtoto ambaye kwenye karatasi za Jamhuri hajazaliwa.

Tuingie kwenye pesa, maana hapo ndipo watu wanapokata tamaa. Kwanza, si lazima uwe na avoka ili uingie tribinali ya amani. Unaweza kujisimamia mwenyewe. Sikushauri ufanye hivyo kama upande wa pili una avoka, ila mlango haujafungwa. Pili, kuna watetezi wa mahakama, ambao si maavoka lakini sheria inawaruhusu kusimama kwenye tribinali ya amani na kwenye TGI, na kwa kawaida bei yao ni nafuu. Wenzangu maavoka wengine huwadharau. Mimi nimekutana na watetezi wanaoijua Tripaix kuliko avoka aliyezoea kesi za kampuni za migodi.

Tatu, kwa asiye na kitu kabisa, baraza la maavoka lina ofisi ya ushauri wa bure. Unakwenda pale, unaeleza shida yako, na kama kesi ina msingi unapewa avoka wa pro deo, yaani wa bure. Utaombwa kuonyesha kwamba huna uwezo, ndiyo maana unapitia kwanza huduma ya mambo ya kijamii kwenye komini yako upate cheti cha umaskini. Hata ile pesa ya kuweka kwenye grefe, ofisi ya karani wa mahakama, kabla kesi haijafunguliwa, mtu asiye na uwezo anaweza kumwomba juje amwondolee. Ombeni kwa barua, mbaki na nakala iliyopigwa mhuri wa kupokelewa.

Nitasema na upande usiopendeza. Avoka wa pro deo mara nyingi hakuna anayemlipa, na mara nyingi ni kijana aliye bado kwenye mafunzo. Atakuomba pesa ya fotokopi na ya taksi. Hilo si wizi, ila mwambie akuandikie kiasi gani na cha nini. Na usimdharau kwa ujana wake. Kijana mwenye dosie tano anaisoma yako yote, sisi wenye dosie nyingi wakati mwingine tunaisomea kwenye ngazi za tribinali. Wa kuogopa ni wale makomisionere, madalali wa kesi, wanaozunguka nje pale kwenye miti, mmoja anakushika mkono, anakuambia anamfahamu juje, anataka «kahawa» ya juje. Pesa yote ya halali inalipwa kwenye grefe na inatolewa risiti.

Sasa nataka nikae kidogo kwenye ushahidi, kwa sababu hapo ndipo kesi inaposimama au kuanguka.

Baba mmoja alikuwa akifanya kazi Kolwezi, mama na watoto wako hapa. Mama alisema tribinali kwamba huyu bwana hajatuma hata faranga. Baba akasimama, akasema ametuma kila mwezi. Juje akauliza: uko wapi ushahidi? Baba akatoa simu. Kilikuwa kimefutika kila kitu, simu ilikuwa mpya. Ilibidi kwenda kwenye kampuni ya simu kuomba orodha ya malipo, wiki zikapita. Orodha ilipokuja, pesa zilionekana kweli, lakini nusu yake zilikwenda kwenye namba ya kaka yake baba, aliyepaswa kuzifikisha kwa mama. Alizifikisha? Hilo sasa ni jambo la kaka na Mungu wake. Mama hakuwa mwongo, na baba hakuwa mwongo. Tumeni pesa ya mtoto moja kwa moja kwa anayemlea, kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, na mwandike ujumbe mfupi: minervale (karo ya shule) ya mtoto fulani, mwezi fulani. Mpige picha ujumbe huo mwitunze pengine, si kwenye simu hiyo moja.

Mkija kwangu, niletee bulletini (ripoti) za shule na risiti za shule, tena mnionyeshe jina la nani liko kwenye risiti. Niletee fishi ya chanjo ya mtoto mdogo. Niambieni jina la mwalimu wake. Mnafikiri ni swali dogo? Muulizeni mzazi anayedai mtoto mzima mzima mwalimu wa mtoto huyo anaitwa nani, mtaona anavyonyamaza. Niletee jirani mmoja anayeona mtoto akitoka asubuhi, kuliko shangazi kumi waliokuja kulia. Juje anaweza pia kuagiza uchunguzi wa kijamii, mtu akaja nyumbani kuona mtoto analala wapi. Usikope televisheni na kapeti kwa ajili ya siku hiyo. Wanaijua michezo hiyo. Kitanda cha mtoto, chandarua, na madaftari yake yakiwa mezani vinasema zaidi.

Mtoto mwenyewe pia anasikilizwa. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kumlinda mtoto inampa mtoto mwenye uwezo wa kupambanua haki ya kutoa maoni yake. Na hapa wazazi wanaharibu mambo kwa mikono yao. Nilimsikia mtoto wa miaka tisa akimwambia juje kwa Kifaransa kizuri kwamba baba yake «est irresponsable». Juje hakubishana naye. Alimuuliza kwa Kiswahili: jana jioni mlikula nini? Mtoto akachangamka, akasema bukari na tompompo, baba alipika lakini aliunguza, tulicheka sana. Mama aliyekuwa amemfundisha yale maneno ya Kifaransa alibaki anaangalia chini.

Kuhusu pansio, yaani pesa ya matunzo ya mtoto, na kumwona mtoto. Yeyote anayepewa mtoto, yule mwingine anabaki na haki ya kufuatilia malezi na elimu yake, na wajibu wa kuchangia kulingana na uwezo wake. Mchuuzi wa soko la komini ya Kenya hapa mjini hataambiwa atoe sawa na injinia wa mgodi. Lakini hivi viwili havibadilishani. «Hajatoa pansio, hatamwona mtoto», hapana. «Hawanionyeshi mtoto, sitoi pansio», hapana tena. Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1990, na mkataba huo unasema kuonana na mzazi aliyetengana naye ni haki ya mtoto, isipokuwa kama inamdhuru. Aliyezuiwa arudi kwa juje, aliyenyimwa pansio arudi kwa juje. Chukueni nakala ya hukumu yenye amri ya utekelezaji kutoka grefe, mumpe uisie, yeye ndiye wa kugonga mlango. Na mambo yakibadilika, mzazi akiugua, akihama, akioa tena na nyumba mpya ikawa moto kwa mtoto, juje anaweza kuombwa abadilishe.

Kuhusu nyumba mpya, neno moja tu. Mtoto anayehamia kwa baba na mama wa kambo, au kwa mama na baba wa kambo, biashara ikianguka humo ndani, anakuwa mlozi. Mnajua nasema nini. Katiba, kifungu cha 41, inakataza kumtuhumu mtoto uchawi na inasema sheria itaadhibu. Mchungaji anayemshindisha mtoto njaa ili atapike ulozi hana kinga, na mzazi aliyempeleka pale hana kinga.

La mwisho ni Kasumbalesa. Mpaka uko karibu, lori na mabasi yanakwenda kila siku, na wengi wetu tuna ndugu upande wa Zambia, Kitwe, Ndola, Chililabombwe. Zambia imo katika Mkataba wa La Haye wa 1980 juu ya watoto wanaochukuliwa na mzazi mmoja kuvushwa mpaka. Kongo haimo. Maana yake, mtoto akishavushwa, ile njia ya haraka ya nchi kwa nchi haikusaidii wewe wa Lubumbashi, utahangaika na mahakama za huko kwa gharama yako. Kwa hiyo ukiwa na hofu ya kweli, si ya wivu, usingoje mtoto apande basi. Mwambie avoka aombe juje aandike katika hatua za muda kwamba mtoto asitoke nchini bila idhini ya wazazi wote wawili, na nakala ya amri hiyo ipelekwe DGM, idara ya uhamiaji. Pasipoti ya mtoto, kama anayo, juje anaweza kuamua ikae kwa nani.

Naona bibi pale ameinua mkono muda mrefu. Endelea, mama.

Bibi ameuliza: binti yake yuko Kinshasa, baba wa watoto hajulikani alipo tangu aende kuchimba, yeye ndiye anawalea wajukuu wawili hapa Katuba tangu wakiwa wadogo, na sasa familia ya baba inasema itakuja kuwachukua. Je, yeye bibi ana neno lolote?

Unalo, mama. Nilisema juje anaweza kumkabidhi mtoto kwa mtu wa tatu, na huyo mtu wa tatu anaweza kuwa wewe. Kesho usianze kwa kugombana na hao jamaa. Mpigie binti yako akuandikie barua, aisaini na kuihalalisha kwenye komini ya huko anakokaa, aeleze kwamba watoto wako kwako na anataka wabaki. Kusanya bulletini zao zote, zile zenye jina lako mahali pa mzazi. Mwombe mkuu wa shule na mkuu wa kartie kila mmoja akuandikie tangu lini anawaona watoto hao kwako. Kisha pita komini kwa cheti cha umaskini, na ukishakipata uje ofisi ya ushauri wa bure, usipitie kwa mtu yeyote njiani. Vyeti vya kuzaliwa vya wajukuu unavyo? Cha mmoja tu. Basi tuanze na cha huyo wa pili.